Jinsi ya kumfundisha mtoto hesabu kwa kuutazama mwezi: mwongozo wa siku 30 kutoka Bagamoyo

Kila mwezi unapoandama maswali huwa yaleyale. Mzazi atauliza aanze siku gani. Mwalimu wa darasa la pili atataka kujua kama watoto wake wataweza. Na karibu kila mtu, akishafika siku ya tatu au ya nne, hurudi na swali hili: mbona mwezi wa kitabuni umesimama na wa kwetu umelala chali? Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe na watoto wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo, tukiwa kibarazani baada ya magharibi.

Nakusihi jambo moja kabla hatujaanza: mtoto aone kwanza, ahesabu alichokiona, jina la kitu lije mwisho. Ukianza na majina utapata mtoto anayeimba "robo ya kwanza, mwezi mpevu, robo ya mwisho" bila kukosea, lakini ukimtoa uani hajui mwezi utatokea upande gani. Kiswahili chenyewe kimeshatusaidia hapa. Mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja, na mtoto akilishika hilo ameshapata nusu ya somo.

Kuhusu umri: wa darasa la kwanza na la pili watahesabu na kuchora. Wa la tatu na la nne watajumlisha saa na dakika. Wa la tano na kuendelea watafanya sehemu, desimali na wastani. Wanaweza kukaa mkeka mmoja, kwa sababu kazi ni ileile na kila mmoja anachota kwa kadiri ya chombo chake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu lenye miraba, moja kwa kila mtoto. Usiruhusu wawili watumie moja. Watagombana siku ya pili.
- Penseli na raba. Kalamu ya wino iache, maana michoro ya siku za kwanza hufutwa sana.
- Vizibo 30 vya soda na kopo moja la kuvitia.
- Chungwa moja na kijiti cha mshikaki. Machungwa yetu mengi ni ya kijani, kwa hiyo lipake chokaa au unga wa ngano uliokorogwa kwa maji, liwe jeupe.
- Punje chache za choroko.
- Saa, hata ya simu.
- Kalenda ya ukutani.
- Mtu mzima wa kwenda na watoto ufukweni. Bila yeye, hatua ya 8 usiifanye.

Wakati mzuri wa kuanza ni baada ya masika, kuanzia Juni hivi, kipupwe kinapoingia na mbingu kusafika. Aprili na Mei unaweza kukaa wiki nzima na mawingu, na mtoto akivunjika moyo mara ya kwanza ni kazi kumrudisha.

Hatua ya 1: Ngojea mwezi uandame, na simama mahali panapofaa

Anza jioni mwezi unapoonekana mara ya kwanza. Waulize wazee msikitini au tazama kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Ikionyesha mwezi unakaribia kuisha, anza kuutafuta jioni ya 29.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanawachukua watoto mbio hadi ufukweni kuutafuta mwezi mchanga, wakati bahari yetu iko mashariki! Mwezi mchanga unakuwa magharibi, chini, pale jua lilipozama. Kwa sisi wa Bagamoyo huko ni bara, upande wa barabara ya kwenda Msata, nyuma ya minazi. Tafuta uwanja wa mpira au ghorofa yenye dari wazi, penye upeo wa magharibi usiozibwa na miti. Ufukwe tutauhitaji baadaye, mwezi mpevu utakapotoka majini.

Uwahi pia. Jioni ya kwanza mwezi hukaa kama saa moja tu baada ya jua kuzama, pengine pungufu, kisha nao huzama.

*Onyo:* mtoto asiangalie upande wa jua mpaka jua lote liwe limezama. Jua huunguza jicho bila maumivu yoyote, na jicho likishaungua huenda lisipone. Mimi huwageuza watoto waelekee mashariki, nikiona jua limekwisha ndipo nawaambia wageuke. Wanaupenda kama mchezo.

Hatua ya 2: Kizibo kimoja, duara moja, kila jioni

Fungueni ukurasa na mchore maduara 30, mistari mitano ya maduara sita. Kizibo ndicho kipimo: kiweke juu ya karatasi, zungusha penseli. Kabla ya kuchora uliza, "Sita mara ngapi zinafika 30?" Kwa mtoto wa darasa la pili hiyo tayari ni hesabu ya siku nzima.

Kila jioni mtoto atie kizibo kimoja koponi, avimwage vyote, avihesabu tangu mwanzo, ndipo aandike namba chini ya duara la siku hiyo. Usimwambie "jana vilikuwa vitano, kwa hiyo leo sita." Mwache ahesabu. Siku moja ataacha mwenyewe kumwaga kopo, atasema tu "nane," na hapo utajua ameelewa kujumlisha moja.

Mawingu yakitanda, kizibo kinaingia vilevile ila ndani ya duara anaandika herufi M ya mawingu. Siku imepita hata kama mwezi haukuonekana. Usimruhusu abuni mchoro.

Hatua ya 3: Chora kama ulivyo

Kubalianeni tangu siku ya kwanza: sehemu yenye giza ndiyo inayopakwa penseli, yenye nuru inaachwa nyeupe. Mkichanganya, mwisho wa mwezi hamtajua mwezi mchanga ni upi na mwezi mpevu ni upi.

Sasa lile swali la mwezi kulala. Vitabu vingi vimechorwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, na huko hilali husimama wima kama herufi C au mgongo wa D. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, nyuzi 6 na nusu hivi, kwa hiyo hilali yetu inalala kama dau, ncha zote mbili zikitazama juu, na huinama kidogo kushoto au kulia kwa kadiri ya msimu. Mtoto akichora dau, amechora sawasawa. Nimeona mtoto akifuta mchoro sahihi kwa sababu ya picha ya kitabuni, na iliniuma. Mwambie kitabu kilichora mwezi wa kwao, yeye achore wa kwetu.

Ile kanuni ya kitabuni ya "nuru ikiwa kulia mwezi unakua" nayo iache. Kwetu mwezi wa nusu huwa karibu utosini jua linapozama: ukielekea kaskazini nuru iko kushoto, ukielekea kusini iko kulia. Watoto wangu waliwahi kubishana robo saa nzima, na wote walikuwa na haki, ila walikuwa wamekaa pande mbili za mkeka. Tangu hapo kila mchoro una mshale mdogo pembeni unaoonyesha magharibi. Kanuni inayofaa kwetu ni ya saa: mwezi unaouona jioni magharibi au utosini unakua, unaouona alfajiri, mashariki au utosini, unapungua. Na sehemu yenye nuru siku zote inatazama upande liliko jua.

Hatua ya 4: Pima kwa ngumi

Kuanzia siku ya pili, tokeni saa ileile kila siku. Sisi hutoka saa 1:00 usiku. Mtoto anyooshe mkono, akunje ngumi, apange ngumi juu ya ngumi kutoka upeo wa magharibi hadi kwenye mwezi. Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10. Wazazi huniuliza kama ngumi ya mtoto haitapunguza kipimo. Haipunguzi: ngumi yake ni ndogo na mkono wake nao ni mfupi, kwa hiyo hesabu inarudi palepale.

Andikeni idadi chini ya kila duara. Baada ya siku tano mtoto wa darasa la tano atoe namba ya mwanzo kwenye ya mwisho. Mara nyingi hupata karibu ngumi 6. Kisha:

6 ÷ 5 = 1.2

Yaani mwezi unasogea ngumi moja na moja ya tano kila siku, kuelekea mashariki. Sasa muulize: kutoka upeo wa magharibi, kupita utosini, hadi upeo wa mashariki ni ngumi 18. Mwezi utachukua siku ngapi?

18 ÷ 1.2 = 15

Mwandikie jibu hilo pembeni na umwache angoje. Siku ya 14 au 15, saa ileile ya jioni, ataukuta mwezi unatoka mashariki, na hakuna mtu aliyemwambia.

Hatua ya 5: Nusu inayoitwa robo

Siku ya 7 au ya 8 mwezi unakuwa nusu duara. Mtoto atasema "nusu," nawe utasema unaitwa robo ya kwanza, naye atakutazama kama umemdanganya. Usiruke hapa. Tenga jioni nzima.

Tokeni mapema, saa 10 alasiri, siku ya robo ya kwanza. Jua liko magharibi, mwezi uko juu upande wa mashariki, vyote viwili vinaonekana. Chomeka kijiti kwenye chungwa, mtoto alinyooshe kuelekea mwezi, afumbe jicho moja, chungwa likae pembeni ya mwezi huku limepigwa na jua. Atatazama chungwa, atatazama mwezi. Vina umbo moja! Nuru nusu, kivuli nusu, mstari umelala vilevile. Nimelifanya mara nyingi na bado hunisisimua, maana mtoto huona kwa jicho lake kwamba mwezi ni tufe linalomulikwa na jua lilelile linalomuunguza yeye mgongo.

Rudini kibarazani, kata chungwa. Jua linamulika nusu ya chungwa: kata vipande viwili. Sisi tulipo tunaona nusu tu ya ile nusu iliyomulikwa: kata tena.

½ × ½ = ¼

Kipande kilichobaki mkononi ni robo ya chungwa zima, ndicho tulichokiona. Na njia ya pili ya kufika palepale: mwezi umemaliza robo ya safari yake ya siku 29 na nusu.

29.5 ÷ 4 = 7.375, yaani siku 7 na zaidi kidogo.

Mtoto akimaliza hapo na ale chungwa (menya ganda lenye chokaa kwanza).

*Kosa la watu wazima:* kusema kwamba umbo la mwezi linatokana na kivuli cha dunia. Si kweli. Kivuli cha dunia huleta kupatwa kwa mwezi, nako hutokea usiku wa mwezi mpevu tu, tena si kila mwezi mpevu. Alasiri ile mtoto ameona jua upande mmoja na mwezi upande mwingine, vyote juu ya ardhi, wala dunia haikuwa katikati yao. Akikuuliza, mkumbushe alichokiona.

Hatua ya 6: Mwezi wa kumi na nne, na punje ya choroko

Bibi harusi wa pwani husifiwa kuwa kama mwezi wa kumi na nne. Waulize watoto: kwa nini kumi na nne, si kumi na tano? Nusu ya 29.5 ni 14.75. Lakini sisi tulianza kuhesabu jioni mwezi ulipoonekana, na wakati huo ulikuwa umeshakaa takriban siku nzima bila kuonekana. Kwa hiyo upevu huangukia usiku wa 14 au wa 15. Watoto walinganishe michoro ya siku hizo mbili waamue wao.

Usiku huo nendeni ufukweni kabla ya magharibi. Jua litazama nyuma yenu, mwezi utatoka majini mbele yenu, mkubwa, mwekundu kama shaba. Mtoto yeyote atasema leo mwezi umekaribia. Mpe punje ya choroko, aishike kwa ncha za vidole, mkono umenyooshwa, afumbe jicho moja. Punje moja inaufunika mwezi. Baada ya saa tatu, mwezi ukiwa juu na "mdogo," ajaribu tena kwa punje ileile. Inaufunika vilevile. Jicho ndilo lililodanganyika. Umemfundisha kupima kabla ya kuamini, na imekugharimu choroko moja.

Hatua ya 7: Dakika hamsini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye makosa mengi. Andikeni saa mwezi ulipochomoza usiku wa upevu. Tuseme ni saa 12:30 jioni. Kesho yake rudini mkauone ukichomoza tena. Utachelewa kwa kama dakika 50. Mpe mtoto hesabu:

saa 12:30 + dakika 50 = ?

Karibu wote wataandika 12:80. Usikasirike, amejumlisha kama alivyofundishwa shilingi. Chukua saa ya mishale, sogeza mshale mrefu naye akitazama. Dakika 60 zimejaa saa moja, zimebaki 20. Hiyo saa moja inaongezwa kwenye 12, lakini saa yetu ikifika 12 inaanza upya, kwa hiyo haiwi 13, inakuwa saa 1. Jibu: saa 1:20 usiku. Hesabu moja ina kubeba mara mbili, mara moja kwenye 60 na mara moja kwenye 12. Mtoto akiiweza, saa haitamsumbua tena.

Endeleeni kwenye daftari bila kwenda ufukweni: 2:10, 3:00, 3:50, 4:40, 5:30, na siku ya saba baada ya upevu, saa 6:20 usiku. Kisha ahakiki kwa kuzidisha:

7 × 50 = 350
350 ÷ 60 = 5, baki 50

Saa 5 na dakika 50 baada ya 12:30 ni 6:20. Namba zimekutana.

Mtoto mkubwa atauliza 50 imetoka wapi. Siku moja ina dakika 24 × 60 = 1440. Gawanya kwa 29.5, utapata kama 49. Ile moja inayobaki ni kwa sababu wakati tunaungoja zile dakika 49 mwezi haujasimama, unaendelea kusogea. Hiyo 50 ni wastani: kuna siku mtapata 45, kuna siku 55 au zaidi. Chukueni vipimo vya siku nne, mvijumlishe, mgawanye kwa nne. Wastani ukiwa na sababu ya kutafutwa haumchoshi mtoto.

Uani kuna miti au nyumba za jirani upande wa mashariki? Mwezi utachelewa kuonekana. Si neno, maadamu mnasimama mahali palepale kila siku. Tofauti ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 8: Mwezi na maji

Mtoto wa Bagamoyo anajua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Ameziona mashua zimelala ubavu mchangani maji yakikupwa. Kinachokosekana ni kuziandika.

Chagueni mnazi mmoja ufukweni. Maji yakishaanza kurudi huacha mstari wa mwani na takataka pale yalipofika mwisho. Mtoto mmoja, yuleyule kila siku, ahesabu hatua kutoka mnazi hadi mstari. Ukibadilisha mtoto, namba zitavurugika, maana hatua hazilingani. Fanyeni siku nane au zaidi, kuanzia mwezi mpevu.

Siku moja au mbili baada ya upevu mstari utakuwa karibu kabisa na mnazi: hilo ni bamvua. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, utakuwa mbali: maji mafu. Kama bamvua lilikuwa hatua 6 na maji mafu hatua 20, tofauti ni ngapi? Mchoreni kila siku kama nguzo ya miraba, mraba mmoja kwa hatua moja. Nguzo zitapanda zenyewe kama ngazi.

Saa nazo zina mpango. Kwetu, bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kukupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo sababu siku za bamvua kina mama na watoto wanaochokoa pweza hushuka asubuhi. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25, yaani nusu ya saa 24 na dakika 50. Zile dakika hamsini zimerudi! Wape wagawanye 24:50 kwa 2.

Jambo jingine, kwa wenye nyumba zinazoona bahari: hesabuni taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, kisha usiku wa mwezi mpevu. Dagaa hufuata taa kukiwa na kiza, mbalamwezi ikitawala taa haina nguvu na wengi hawatoki. Mtoto ataandika namba kubwa na karibu na sifuri, na ataelewa kwa nini kuna wiki dagaa wanaadimika sokoni.

*Onyo:* bamvua likikupwa huenda mbali sana, na likirudi hurudi kwa kasi, tena maji huzunguka kwa nyuma kwenye mabonde ya mchanga. Mtoto asivuke mstari wa mashua bila mtu mzima anayeijua saa ya maji.

Hatua ya 9: Hamieni alfajiri, kisha mfunge mwezi

Baada ya siku ya 20 hivi mwezi unachomoza watoto wakiwa wamelala. Wengi huacha hapo, na daftari linabaki nusu. Hamisheni kazi alfajiri, kabla ya kwenda shule. Dau litaonekana mashariki, jembamba kila siku, mpaka lipotee.

Vizibo vikifika 29, jioni tokeni mkatazame. Umeandama? Mwezi ulikuwa wa 29. Haukuandama? Tieni kizibo cha 30. Kila nyumba ifuate tangazo la viongozi wake. Kazi ya daftari ni kuandika mlichokiona.

Hesabu ya mwisho ni ya wakubwa. Mwezi wa 29 na wa 30 kwa pamoja ni siku 59. Miezi 12 ni jozi 6:

6 × 59 = 354
365 − 354 = 11

Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Na 365 ÷ 11 ni kama miaka 33 mpaka izunguke. Idd el-Fitr ya 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi. Mwaka 1993 nayo ilikuwa mwishoni mwa Machi. 2025 − 1993 = 32, karibu na jibu letu. Mtoto wa miaka 10 akokotoe Ramadhani ya mwaka aliozaliwa ilikuwa siku ngapi mbele ya hii ya sasa, kisha amuulize mama kama ni kweli. Na kama mkekani kuna watoto wa Kikristo, wape Pasaka: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Watazame daftari waseme siku ya Pasaka mwezi utakuwa unakua au unapungua.

Mambo yakikwama

*Tumekosa siku tatu mfululizo.* Acheni maduara wazi, muendelee. Mwishoni mtoto mkubwa akisie yaliyokosekana kwa kutazama ya kabla na ya baada, ila aandike kwa rangi nyingine.

*Mwezi unaonekana mchana, mtoto ameshtuka.* Vizuri sana. Mwambie ahesabu: kama unachomoza saa 6 mchana, alasiri atauona. Mwezi haukuwahi kuwa wa usiku peke yake.

*Saa za maji hazifuati dakika 50.* Kweli, wakati wa bamvua huchelewa pungufu ya hapo, na wakati wa maji mafu huchelewa zaidi, hata ikapita saa nzima. Tumieni wastani wa wiki mbili. Upepo mkali wa kusi nao husukuma maji juu ya mstari wake.

*Ngumi zetu hazitoi 1.2.* Angalia kama mtoto anakunja kiwiko. Mkono lazima unyooke.

*Mtoto anapenda kuchora lakini anaikimbia hesabu.* Usimlazimishe wiki ya kwanza. Akifika kwenye saa ya kuchomoza, mwambie akisie leo utatoka saa ngapi, mwandike kwenye mchanga, mngoje. Wangu mmoja alikaa hivyo jioni tatu bila kugusa penseli. Ya nne alikuja na jibu ameshalikokotoa nyumbani, nyuma ya daftari la Kiswahili.

*Tumemaliza siku 30, sasa nini?* Chora maduara mengine 30, lakini safari hii mtoto ajaze yote kabla mwezi haujaandama: umbo, ngumi, saa ya kuchomoza. Kisha kila jioni mtoke mkasahihishe.